Uzi: Vibonzo vya kale vinavyoota ndoto mchana, kutoka kurasa za magazeti hadi sinema

KalamuNyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa vibonzo bora vya wakati wote watu wametaja filamu ndefu tu, na karibu zote ni za baada ya mwaka 1990. Sikutaka kuuvuruga, nikaona nifungue huu. Hapa tuzungumzie filamu fupi, za dakika mbili hadi kumi hivi, zilizochorwa na watu ambao riziki yao ya kwanza ilikuwa katuni za magazeti na majarida. Marekani, Ufaransa, Japani. Filamu ambamo nyumba inaota mabawa, chupa inageuka ua, ua linageuka mkonga wa tembo, na hakuna anayesimama kukueleza kwa nini.

Hoja yangu naisema mapema ili wanaotaka kuipinga wajipange. Uajabu wa filamu hizi haukutoka kwenye visa vya ajabu. Ulitoka kwenye mstari. Mchora katuni wa gazeti anajua jambo ambalo mpiga picha halijui: kwenye karatasi, mlima na kofia ni kitu kimoja, vyote ni wino. Kimoja kinaweza kuwa kingine bila kumgharimu mtu chochote. Watu hawa waliposhika mashine ya sinema, kitu cha kwanza walichofanya ni kuuachia mstari uende utakako.

Mtazameni Émile Cohl. Alikuwa mchora katuni za kukejeli wakubwa huko Paris, mwanafunzi wa André Gill, na katika miaka ya 1880 alijiunga na kundi la wasanii waliojiita Incohérents, watu walioandaa maonyesho ya michoro ya vichekesho isiyo na kichwa wala miguu. Filamu yake Fantasmagorie ilionyeshwa Paris tarehe 17 Agosti 1908, naye akiwa na miaka 51. Si kijana aliyekuwa anajaribu bahati. Alichora michoro kama 700 kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kila mmoja ukapigwa picha mara mbili, kisha filamu ikachapwa kinyume ili nyeusi iwe nyeupe, ikaonekana kama chaki kwenye ubao. Haifiki hata dakika mbili.

Ndani ya muda huo mdogo kuna bwana anayekwenda kutazama onyesho, mbele yake anakaa mama mwenye kofia kubwa ya manyoya, haoni kitu. Kuna kijitu cha sarakasi kinachoingia ndani ya chupa, chupa ikafunguka kuwa ua, shina la ua likawa mkonga wa tembo, tembo akawa nyumba. Kijitu kinaanguka na kuvunjika, na mikono halisi ya Cohl inaingia kwenye picha kukiunganisha tena. Ukiitazama mara ya pili, acha kufuata kijitu, fuata mstari. Utaona karibu haukatiki. Unapinda, unajifunga, unajifungua, na kila unapojifunga panazaliwa kitu kipya.

Winsor McCay ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa hiyo mnivumilie hapa.

Kabla ya sinema alikuwa na kurasa mbili za kudumu. Mwaka 1904 alianza katuni ya Dream of the Rarebit Fiend katika gazeti la Evening Telegram la New York. Kila toleo, mtu anakula mkate wenye jibini iliyoyeyushwa kabla ya kulala, ndoto mbaya inamkamata, kisanduku cha mwisho anaamka akilaani jibini. Tarehe 15 Oktoba 1905 ikaja Little Nemo in Slumberland katika New York Herald, ukurasa mzima wa rangi kila Jumapili, kuhusu mtoto anayesafiri usingizini na mwisho wake kila mara ni kuamka, mara nyingi akiwa ameanguka kitandani. Tafuteni ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908. Kitanda cha Nemo kinaota miguu mirefu, kinatoka dirishani, kinatembea juu ya mapaa ya mji. Angalieni visanduku vyenyewe: vinarefuka kuifuata ile miguu. Huyu mtu alishaanza kutengeneza sinema kwenye gazeti kabla hajagusa filamu. Msomaji anaposhuka na jicho kutoka kisanduku hadi kisanduku, ndiye projekta.

Mwaka 1911 akaipeleka katuni ya Nemo kwenye pazia, kwa ushirikiano na kampuni ya Vitagraph. Sehemu ya kwanza ni watu halisi: McCay anawaambia marafiki klabuni kwamba atachora michoro 4,000 ndani ya mwezi mmoja na itacheza, nao wanacheka. Yanaletwa mapipa ya wino na marundo ya karatasi. Halafu michoro inaanza. Hakuna kisa kabisa. Wahusika wanavutwa wakawa warefu kama milingoti, wanabanwa wakawa wafupi, kama vile wako mbele ya vioo vya kupotosha sura. Nemo anatokea kutokana na mistari midogo inayojikusanya yenyewe, na akishakuwa mzima anachukua kalamu, anamchora Binti Mfalme, naye anapata uhai. Mchoro unachora mchoro. Hiyo ni 1911, na McCay alizipaka rangi fremu za filamu hiyo kwa mkono.

Baada ya hapo ikaja ya mbu, 1912, How a Mosquito Operates. Na mwaka 1921 akarudi kwenye ndoto za jibini kwa filamu tatu, mojawapo The Flying House: mume na mke wanaodaiwa nyumba yao wanaifunga mabawa na injini, wanaruka nayo hadi anga za juu. Ile hofu ya kudaiwa ni ya kweli kabisa. Hapo ndipo ndoto ya McCay inaponishika, kwamba inaanzia kwenye shida ambayo kila mtu anaijua.

Karibuni. Anayejua zingine aongeze, hasa za Japani, najua humu kuna wajuzi.

Mtoto wa Makorora

Asante mleta mada. Nimeitafuta hiyo ya mbu na nimeitazama sasa hivi, bando halijaguswa sana maana ni fupi. Mbu ana kofia ndefu na mkoba kama karani anayekwenda ofisini! Anafungua mkoba, anatoa jiwe, ananoa mrija wake kabla ya kumchoma yule bwana aliyelala.

Kilichonigusa ni tumbo. Kila akinywa, tumbo linaongezeka, na uzito wake unabadilika kweli. Mwanzoni anaruka mwepesi, baadaye anajikokota, miguu inatetemeka. Mchoraji hakuchora tu mbu mkubwa zaidi, amechora mbu mzito zaidi. Halafu hatosheki, anarudi tena kunywa hadi anapasuka. Sisi watu wa Tanga mbu tunamjua kwa homa zake, na bado nilijikuta namwonea huruma sekunde ile ya mwisho. Kumfanya mtu wa pwani amhurumie mbu si kazi ndogo.

HadithiKwanza

Mkuu, nimeusoma uzi wako kwa heshima lakini nakupinga. Nimeitazama Fantasmagorie. Ni michoro inayobadilikabadilika, basi. Nani anataka nini? Nani anamzuia? Bila hayo mawili hakuna filamu, kuna maonyesho ya ufundi. Bibi zetu walikuwa na ngano zenye maajabu makubwa kuliko hayo, sungura akamdanganya simba, jitu likameza kijiji kizima, lakini kila ajabu lilikuwa na kazi ndani ya kisa. Ajabu lisilo na kazi linachosha haraka. Wewe mwenyewe umesema filamu ya Nemo haina kisa kabisa, na umeitaja kama sifa. Kwangu huo ni upungufu.

KalamuNyeusi (mleta mada)

@HadithiKwanza karibu sana, hoja yako ni nzito na ndiyo iliyogawa watu tangu mwanzo. Nakujibu kwa filamu moja, Gertie the Dinosaur ya 1914.

McCay alikuwa pia mtu wa jukwaani. Tangu mwaka 1906 alikuwa akipanda kwenye kumbi za burudani na kuchora kwa chaki mbele ya watazamaji. Mwezi Februari 1914, katika ukumbi wa Palace mjini Chicago, alisimama kando ya pazia akiwa na kiboko mkononi, akamwita Gertie. Kwenye pazia kichwa cha dinosaria kikachungulia kutoka pangoni. Akamwambia awasalimie watu, Gertie akainama. Akamwambia ainue mguu, akainua, kisha akagoma. McCay akamgombeza, Gertie akalia machozi. Akamrushia kitu cha kula kutoka jukwaani, na kwenye pazia Gertie akakidaka. Akapita tembo wa kale, Gertie akamshika mkia akamtupa ziwani. Mwisho McCay akaingia nyuma ya pazia, na papo hapo akaonekana yeye mwenyewe amechorwa ndani ya filamu, akabebwa na Gertie wakaondoka.

Sasa niambie. Anayetaka ni nani? Gertie anataka kucheza na kula, McCay anataka utii. Mvutano upo. Lakini angalia ulikotoka: si kwenye mswada, ni kwenye uhusiano wa mchoraji na mchoro wake. Michoro ilikuwa maelfu, kila karatasi ikichorwa Gertie pamoja na miamba na ziwa lote upya, kwa kuwa wakati ule hakutumia seluloidi, zile karatasi angavu. Msaidizi wake John Fitzsimmons, kijana aliyesomea uchoraji, ndiye aliyekuwa akinakili mandhari ile ile karatasi baada ya karatasi. Ndiyo maana ukitazama miamba inatetemeka kidogo. Wengine huona ni dosari. Mimi naona hata mawe yanapumua. Na habari ya kupumua ni ya kweli: McCay alipima pumzi zake mwenyewe kwa saa ili ajue kifua cha Gertie kipande na kushuka kwa muda gani.

Mwaka ule ule wa 1914 Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye karatasi angavu za seluloidi, mandhari ikabaki moja chini yake. Kazi ikawa rahisi, studio zikafunguliwa, vibonzo vikaanza kutoka kila wiki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927 wachora vibonzo wa New York walimwandalia McCay chakula cha jioni, naye akawaambia usoni kwamba sanaa aliyowaachia wameigeuza biashara tu.

Kuhusu ngano za bibi, nakubaliana nawe kabisa kwamba zina maajabu makubwa. Ila ngano huambiwa, na anayesikiliza ndiye anayechora kichwani. Hapa kuna mtu amekuchorea, kwa hiyo ajabu lazima liishi kwenye mchoro, si kwenye kisa peke yake.

Binti Projekta

Jamani mmewasahau ndugu wawili wa Brooklyn! Max Fleischer alianzia kwenye gazeti la Brooklyn Daily Eagle akichora katuni, kwa hiyo anaingia kwenye uzi huu bila kubisha hodi. Yeye na kaka zake walibuni mashine ya rotoskopu: filamu ya mtu halisi inaangaziwa fremu moja moja kwenye kioo, nawe unapitisha kalamu juu yake. Mdogo wake Dave alivaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi, wakampiga picha, wakamchora, akazaliwa Koko. Hataza ilitoka mwaka 1917.

Mfululizo wao uliitwa Out of the Inkwell. Kila filamu Max anakaa mezani, Koko anatoka kwenye kidau cha wino, wanagombana, Koko anatoroka kwenye ofisi halisi, mwishoni anarudishwa kidauni. Yule @HadithiKwanza anayeuliza nani anataka nini: mchoro unataka uhuru, mchoraji hataki. Ko-Ko's Earth Control ya 1928 ndiyo ninayoipenda. Koko na mbwa wake wanafika kwenye chumba chenye nyenzo zinazoendesha dunia, moja ya usiku na mchana, nyingine ya mvua, na moja imeandikwa onyo kwamba ikivutwa dunia inakwisha. Mbwa anaivuta. Basi hapo mambo yanavurugika hadi kwenye picha za mji halisi, majengo yanalala upande.

Kisha zikaja za sauti. Snow-White ya 1933, dakika saba hivi, karibu yote imechorwa na mtu mmoja, Roland Crandall. Usiichanganye na ile ndefu ya Disney ya 1937. Katikati ya pango Koko anaimba kwa sauti ya Cab Calloway, mwanamuziki mweusi wa Marekani, wimbo wa msiba, St. James Infirmary. Mchawi anampitishia kioo, Koko anageuka mzuka mweupe wenye miguu mirefu, na kila mstari wa wimbo mwili wake unageuka kile kinachotajwa: mara chupa, mara sarafu ya dhahabu kwenye mnyororo. Hatua zile za kuteleza si za kubuni. Ni hatua za Calloway mwenyewe, zilizopitishwa kwenye rotoskopu.

Mwalimu wa Michoro

Nafundisha sanaa sekondari na nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Lakini kuna jambo halijasemwa, na nisingependa lipite. Kwenye ile filamu ya Nemo ya 1911, mmoja wa wahusika ni Impy. Anavaa sketi ya majani, midomo imevimbishwa, na kwenye katuni ya gazeti huongea maneno yasiyo na maana. Huyo ni sisi. Ndivyo Mwafrika alivyochorwa kwa ajili ya kuwachekesha wasomaji wa New York. Mkisema mstari ulikuwa huru, kwa Impy haukuwa huru. Wengine wote wanageuka chochote, yeye kafungwa kwenye sura aliyopewa. Nikiwaonyesha wanafunzi wangu nitawaambia nini?

KalamuNyeusi (mleta mada)

@Mwalimu wa Michoro nashukuru kwa kulitia mezani, na umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema. Impy ana ukoo. Mwaka 1903, kabla ya Nemo, McCay alichora mfululizo wa vijitu vya msituni vya namna hiyo kwenye gazeti la Cincinnati Enquirer. Hakuwa peke yake, magazeti ya wakati ule yalijaa sura hizo, na vibonzo vya Marekani viliendelea nazo kwa miongo. Siitetei hata kidogo. Mtu aliyeweza kumpa mbu tabia na dinosaria machozi alishindwa kumwona Mwafrika kama mtu. Hilo ni hukumu juu ya jicho lake, na ufundi wake mkubwa unalifanya kuwa zito zaidi.

Darasani ningewaonyesha zote mbili siku moja: Nemo ya 1911, kisha Snow-White ya 1933. Kwenye ya kwanza mtu mweusi ni kikaragosi. Kwenye ya pili mwili wa msanii mweusi, mdundo wake na mguu wake, ndio unaoibeba filamu, ingawa uso unaoonekana si wake. Na hilo nalo lina maswali yake. Waache wanafunzi wabishane.

Binti Projekta

Mwongezee Krazy Kat, Mwalimu. Mchoraji wake George Herriman alizaliwa New Orleans katika familia ya watu wenye asili ya Kiafrika, akaishi akihesabiwa mzungu. Katuni yake ilidumu kuanzia 1913 hadi alipofariki 1944, paka anampenda panya, panya anamrushia tofali, paka anaona tofali ni mapenzi. Nyuma yao milima ya jangwa la Arizona inabadilika kila kisanduku bila mtu kuhama. Vibonzo vilivyotengenezwa kutokana nayo, kuanzia 1916, havikuifikia hata chembe. Studio za baadaye zilimfanya Krazy, yule paka, afanane na Mickey Mouse. Kwa hiyo si kila katuni nzuri ikitiwa mwendo inapata uhai.

MangaMtaani

Mmeita wa Japani, nimekuja.

Wajapani walianza mwaka 1917, watu watatu karibu kwa pamoja: Shimokawa Ōten, Kōuchi Jun'ichi na Kitayama Seitarō. Wawili wa kwanza walikuwa wachora manga, yaani katuni za Kijapani. Shimokawa alikuwa mwanafunzi wa Kitazawa Rakuten, aliyeanzisha jarida la vichekesho la Tokyo Puck mwaka 1905, na alianza kwa kuchora kwa chaki ubaoni. Sehemu kubwa ya kazi za wakati ule haipo tena. Filamu zilitumika hadi zikaisha, na tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923 likateketeza nyingi Tokyo. Lakini mwaka 2007 nakala ya Namakura Gatana ya Kōuchi ilipatikana kwenye duka la vitu vya kale Osaka. Ni samurai mjinga aliyenunua upanga butu. Anataka kuujaribu kwa wapita njia, lakini kila anayemvizia ndiye anayemshinda yeye. Wakati watu wakisifu upanga, mchora manga anaonyesha upanga unaokataa kukata. Ile mboni ya samurai inavyozunguka kwa aibu, huo ni mstari wa gazeti moja kwa moja.

Rukeni hadi miaka ya 1960. Kuri Yōji alikuwa mchora manga wa kejeli, na mwaka 1960 yeye na wenzake wawili, Yanagihara Ryōhei na Manabe Hiroshi, waliunda kundi la wachora vibonzo watatu na kuonyesha kazi zao kwenye ukumbi wa Sōgetsu, Tokyo. Filamu yake ya Ai, 1963, ni mwanamke anamkimbiza mwanamume. Mistari michache, karibu hakuna mandhari. Sauti ni ya mtunzi Takemitsu Tōru, neno lile lile moja la mapenzi linatamkwa, linanong'onwa, linapigiwa kelele, hadi linageuka tishio. Mtu aliyezoea anime ya wapiganaji atashtuka kwamba hii nayo ni Japani.

Sasa Tezuka Osamu, mchora manga. Wengi mnamjua kwa Astro Boy, iliyoanza kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963. Wachache wanajua kwamba pesa na muda alioupata aliutumia kwenye filamu fupi za majaribio. Utotoni nyumbani kwao kulikuwa na projekta ndogo, akakua akitazama vibonzo vya Marekani. Mwaka 1984 alitoa Jumping: dakika sita, bila kukata picha hata mara moja, unaona kwa macho ya mtoto anayerukaruka njiani. Kila mruko unazidi. Anavuka miti, mapaa, magorofa, bahari, anaanguka katikati ya vita, anashuka hadi jehanamu, anarudi barabarani. Ilishinda tuzo kuu kwenye tamasha la vibonzo la Zagreb mwaka huo huo.

Lakini kwa hoja ya mleta mada, nendeni kwenye ile ya 1985, kwa Kijapani Onboro Firumu, filamu iliyochakaa. Inajifanya ni sinema ya kauboi ya mwaka 1885, wakati ambao sinema haikuwepo. Picha imejaa mikwaruzo na vumbi, inaruka, inateleza. Na kauboi anaviona! Uchafu wa filamu ni sehemu ya dunia yake. Fremu ikikwama nusu, unaona ya juu na ya chini kwa pamoja, anapanda kutoka moja kwenda nyingine. Mchora manga amerudi kwenye visanduku vyake, ila visanduku sasa ni fremu za filamu. Ilipata tuzo kuu kwenye tamasha la kwanza la Hiroshima, 1985. Kila nikiitazama nafurahi upya.

Ya karibuni zaidi ni Nekojiru-sō ya 2001, kutokana na manga ya Nekojiru, paka mdogo anakwenda kutafuta nusu ya roho ya dada yake. Ni nusu saa hivi. Nzuri sana na inatisha, msiwawekee watoto.

HadithiKwanza

@MangaMtaani hiyo ya kauboi nimeielewa, na Gertie pia. Hapo ajabu lina kazi: uchafu wa filamu unamsaidia na unamzuia. Msimamo wangu juu ya Cohl uko palepale. Ila sasa naona tunabishana juu ya jambo dogo kuliko nilivyodhani. Mimi nataka kikwazo. Kwenye filamu hizi kikwazo ni karatasi yenyewe, au fremu yenyewe. Sawa. Kwa Cohl sikioni, kila kitu kinateleza tu.

KalamuNyeusi (mleta mada)

Mtazame tena pale kijitu kinapovunjika, mkuu. Hapo mstari unakatika kwa mara ya kwanza na mwenye kalamu analazimika kuingia mwenyewe.

Pia ujue Cohl alivuka bahari mwaka 1912, akafanya kazi Fort Lee, New Jersey, akiigeuza katuni ya gazeti ya George McManus kuwa mfululizo wa filamu. Karibu zote zimepotea. McManus huyo huyo ndiye rafiki anayewekeana dau na McCay kwenye toleo la Gertie lililotengenezwa kwa ajili ya sinema. Walikuwa wanajuana, dunia yao ilikuwa ndogo. Cohl alifariki Januari 1938, maskini, siku moja kabla ya Georges Méliès, mwanzilishi mwingine wa sinema ya Ufaransa.

Mpenzi wa Sani

Nasoma huku nawaza ya kwetu. Chakubanga kwenye Uhuru, Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye jarida la Sani. Tulikuwa na mistari ya kwetu, yenye mwendo tayari. Lodi Lofa alikuwa anatembea hata akiwa amesimama! Kwa nini tulipoanza kutengeneza vibonzo hatukuanzia hapo?

Mwalimu wa Michoro

Tulianzia mlango mwingine. Tinga Tinga Tales ya 2010 ilichorwa Nairobi, na mtindo wake ulitoka kwenye uchoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, rangi bapa na madoadoa. Ni kazi nzuri, watoto wangu wameikariri. Lakini ni kweli kwamba huo ni uchoraji wa ubao na rangi. Mstari wa katuni ya gazeti, ule wa haraka, wa kukejeli, bado uko kwenye makabati ya watu.

@KalamuNyeusi, nataka wanafunzi wajaribu wenyewe kabla hatujamaliza muhula. Tuna simu moja nzuri, karatasi na kalamu. Tunaanzaje?

KalamuNyeusi (mleta mada)

Mwalimu, hivyo vinatosha. Fuateni alivyofanya McCay.

Kwanza, karatasi nyepesi, ile inayoonyesha mchoro wa chini yake. Kila karatasi iwekwe alama ya msalaba kwenye pembe, na alama zilingane kabisa kabla ya kuchora, la sivyo picha itarukaruka. Kila karatasi namba. Msidharau namba, upepo ukiingia darasani ndipo mtaelewa.

Pili, msichore kwa mfuatano wa moja, mbili, tatu. McCay alichora kwanza mikao mikuu, kisha akagawa nafasi iliyo kati yake nusu kwa nusu, akagawa tena. Hivyo mwendo haupotei njiani. Simu ilazwe juu ya vitabu, lenzi ikitazama chini, isiguswe hadi mwisho. Michoro kumi na miwili kwa sekunde inatosha, kama Cohl alivyopiga kila mchoro mara mbili.

Zoezi la kwanza lisiwe hadithi, @HadithiKwanza atanisamehe. Wape vitu viwili visivyofanana, tuseme birika na kuku. Mchoro wa kwanza birika, wa kumi na moja kuku, na mstari usikatike katikati. Mdomo wa birika usiwe mdomo wa kuku moja kwa moja, hiyo kila mtu ataiona. Waambie watafute njia nyingine, pengine mpini uwe shingo. Wa sita ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa pale si birika wala si kuku. Wapeni muda mrefu zaidi hapo, na msimruhusu mtu kuruka kutoka wa tano kwenda wa saba.